Kalamu Aliyopewa Bibi

Mwaka 2012, katika msimu wa demani, nilimpeleka bibi yangu mzaa mama kwenye kituo kimoja cha afya kwa sababu ya goti lililokuwa likimuuma tangu kipupwe, na tukarudi nyumbani Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, tukiwa na karatasi iliyosema kwamba akili yake imepungua. Siku hiyo palikuwa na zoezi la kuwapima wazee kumbukumbu, na kila aliyeonekana kuwa mtu mzima aliombwa akae kitini ajibu maswali machache. Bibi aliketi, akaliweka buibui lake sawa, akamwambia kijana aliyeshika fomu, "Haya mwanangu, uliza."

Aliulizwa tarehe, akataja tarehe ya mwezi wa Kiislamu, na aliitaja sawasawa. Aliulizwa msimu, akajibu kuwa ni demani. Kijana akaitazama fomu yake, hakuliona neno hilo, akapita. Aliambiwa atoe saba katika mia, kisha atoe saba tena katika kilichobaki, na kuendelea hivyo hivyo. Bibi, ambaye alikuwa akipima ukili, ule mkanda wa majani uliosukwa wa kushonea mikeka, kwa pima na kujua kwa moyo ni nani anayemdai na nani anadaiwa, akauliza ni saba ya kitu gani. Mwishoni alipewa kalamu, akaambiwa anakili michoro miwili ya pembe tano iliyopandana, kisha aandike sentensi yoyote. Michoro hakuiweza, kwa kuwa hakuwahi kuchora kitu katika maisha yake. Sentensi aliiandika. Alianza kuliani akaenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani akiwa msichana, na kama alivyokuwa akimwandikia babu barua zama zile babu alipokuwa baharini. Mimi niliweza kuisoma kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha: "Goti langu laniuma." Kijana hakuweza kuisoma, akaandika sifuri. Jumla alipata alama 13 katika 30.

Simlaumu kijana yule, kwani alifuata alichofundishwa. Kipimo alichokitumia kilitungwa Marekani na Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh, kikachapishwa mwaka 1975, na kimewasaidia madaktari wengi duniani kutambua mapema wagonjwa wa dimenshia, maradhi ambayo sisi huyaita ya kusahau. Kwa kawaida anayepata chini ya alama 24 hutiliwa shaka. Lakini kipimo hicho kinamdhania anayepimwa kuwa mtu aliyekaa darasani, aliyezoea penseli, anayehesabu kwa namba tupu na anayeishi kwa kalenda ya ofisini. Akipimwa mtu asiyekuwa hivyo, kinachopimwa ni shule aliyoikosa, na alama zake zikishasomwa kama alama za ubongo, jina la maradhi hupewa mtu mzima wa afya.

Nyumbani habari hiyo ilipokelewa kama msiba. Mama alilia usiku kucha. Wakubwa walikaa wakaamua kwamba Bibi asiachiwe tena funguo za kabati, asipike peke yake, asipokee fedha za mikeka. Kwa miezi mitatu tulimtazama kila alipoinuka, tukimsikiliza kila neno tukitafuta kosa, naye alikuwa akituona. Hakukosea kitu. Alikumbuka deni la mwaka uliotangulia la mwanamke wa Matondoni ambalo sote tulikuwa tumelisahau. Mama akamrudishia funguo, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu ikawa ni kauli ya kawaida kwamba hospitali walikosea. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulikuja kutugharimu sana baadaye, kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia.

Nimesoma mengi tangu wakati ule, kwanza kwa hasira na baadaye kwa haja ya kuelewa, na nimegundua kuwa tatizo lililompata Bibi lilikuwa limeshashughulikiwa na watafiti miaka ishirini kabla ya siku ile. Walipotaka kuwapima wazee wa jamii ya Wakree wa Manitoba, Kanada, na baadaye Wayoruba wa Ibadan, Nijeria, waliona kuwa maswali ya kusoma na kuandika hayafai, wakatunga kipimo kisichodai kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa, kwa mfano, nyundo hutumika kufanyia nini. Zaidi ya hayo, na kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote, jamaa anayeishi na mzee huhojiwa kando: je, kuna kazi aliyokuwa akiifanya vizuri ambayo sasa imemshinda? Amebadilika? Maswali ya mzee huonyesha amesimama wapi leo, na ya jamaa huonyesha ameporomoka kutoka wapi. Mtu aliyesimama chini maisha yake yote hajaporomoka.

Kwa kipimo hicho, watafiti wakiongozwa na Benjamin Osuntokun kule Ibadan na Hugh Hendrie kule Indianapolis walianza mwaka 1992 kuwafuatilia wazee wa miji hiyo miwili, Wayoruba upande mmoja na Wamarekani weusi upande wa pili. Osuntokun alifariki mwaka 1995, na wenzake wakiwamo Adesola Ogunniyi wakaiendeleza kazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kila mwaka asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan walipata dimenshia, ilhali Indianapolis ilikuwa asilimia 3.24. Laiti wangetumia kipimo alichopimwa Bibi, nadhani Ibadan ingeonekana kuwa mji wa wagonjwa.

Karibu nasi zaidi, katika wilaya ya Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, madaktari wa Tanzania na wenzao wa Newcastle, Uingereza, waliwachunguza mwaka 2010 watu karibu 1,200 waliotimiza miaka 70 na zaidi, wakakuta kwamba baada ya kulinganisha umri, asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Kutokana na kazi hiyo kilitungwa kipimo kifupi, na nilipokisoma mara ya kwanza moyo ulinipiga. Mzee huulizwa leo ni siku gani ya wiki, na daraja ni kitu gani. Huombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Husomewa maneno kumi na baadaye huombwa ayakumbuke. Mahali pa penseli pamechukuliwa na vijiti vya kiberiti: mpimaji huvipanga kwa umbo fulani, akampa mzee vijiti vyake, akamwambia afanye kama lile. Mikono ya Bibi ilikuwa imepanga chane za miyaa, yale majani membamba ya kusukia, kwa zaidi ya miaka hamsini. Sina shaka kwamba mwaka 2012 angeviweka vijiti vile bila kuinua uso.

Mwaka 2018, baada ya Ramadhani, nilikuwa nikitandika kitanda chake nikakuta bunda la ukili limefichwa chini ya godoro. Anayejua kusuka anajua kwamba ukili ni hesabu isiyotamkwa: chane hii inapita juu ya mbili, inaingia chini ya mbili, inafika ukingoni inakunjwa inarudi, na rangi ikiingia lazima itokee palepale ilipotarajiwa. Ukili wa Bibi ulikuwa hauna kosa, wanawake wa mtaani kwetu wakiupeleka kwa binti zao wauone. Huu niliouokota ulianza vizuri kwa pima moja hivi, kisha chane nyekundu ikapoteza mahali pake, ikajirudia, ikatoweka, ikatokea upande wa pili. Na nilipohesabu, ncha ya kwanza ilikuwa na chane 13 na ncha ya mwisho 11. Chane mbili zilikuwa zimeachwa njiani na msukaji hakuzirudia. Lililoniuma ni kule kufichwa. Bibi aliyaona makosa yake kabla yetu sote, akanyamaza.

Nilimwonyesha mama. Tukasema ni macho. Tukasema ni uzee, na uzee hauna dawa. Nilipotaja hospitali nilijibiwa kwa ile kauli ya miaka sita: "Si walishamwita mgonjwa zamani wakakosea?" Sikuwa na la kujibu. Mwalimu mmoja wa mtaani alimwandikia kombe, maandishi ya aya yanayooshwa kwa maji ya kunywa, akalinywa kwa imani, na mimi naheshimu dua aliyoombewa. Lakini kulikuwa pia na minong'ono ya husuda na ya majini, na kidole kilikuwa kinaanza kumwelekea jirani asiye na kosa. Yanayowapata wazee wa bara ya Malindi na sehemu nyingine za Kilifi, ambako mzee anayezungumza peke yake au anayetangatanga usiku huitwa mchawi na wakati mwingine huuawa na watu wa damu yake mwenyewe kwa tamaa ya shamba, huanza hivi hivi, kwa jambo la ubongo kukosa jina lake. Karibu miaka miwili ilipita hivyo. Siku moja baada ya magharibi alisimama mbele ya daka la nyumba yetu wenyewe, akamshika mkono mtoto wa jirani, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, ndia ya kwetu ni ipi?"

Daktari tuliyempata Mombasa mwanzoni mwa 2020 alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimsalimu Bibi kwa shikamoo, akamkalisha, kisha akanigeukia mimi na mama akatuhoji karibu saa nzima: ni lini mlianza kuona, ni kazi gani ya kwanza iliyomshinda, ilikuja ghafla au polepole? Nilimpa ule ukili. Aliushika mkononi muda mrefu, akaomba nimfafanulie kosa liko wapi. Alipima damu, kwa sababu upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huweza kuiga maradhi haya na hutibika. Akaeleza kuwa mzee aliyechanganyikiwa kwa siku mbili tatu tu huenda ana maambukizi, hata ya mkojo, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Akauliza pia habari za huzuni, kwani mzee mwenye sonona naye husahau. Kisha akayapima masikio yake. Bibi alikuwa hasikii kwa sikio la kulia, na sisi tulikuwa tumelizoea jambo hilo kama tulivyoizoea sauti ya punda.

Jibu lilikuwa maradhi mawili kwa pamoja: Alzheimer, na ubongo ulioharibiwa na mishipa midogo ya damu. Alzheimer ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya dimenshia yote, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, zaidi ya nusu yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Alzheimer imepewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1901 alimpokea hospitalini Frankfurt mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa akipotewa na maneno na hata jina lake. Alipofariki mwaka 1906 daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona vibonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua kuwa vibonge vile ni protini ya amiloidi, na nyuzi zile ni protini iitwayo tau. Dawa za kuiondoa amiloidi zimeanza kupatikana. Katika jaribio la lecanemab kasi ya kudhoofika ilipungua kwa asilimia 27 kwa miezi 18, kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo, kwa sindano za mshipani na uangalizi wa picha za ubongo. Kwa mgonjwa wa Langoni hizo bado ni habari za mbali.

Habari ya karibu ilikuwa kwenye mkoba wa mama. Daktari aliomba karatasi zote za zamani, na mama, ambaye hatupi karatasi, akatoa ile ya 2012. Daktari aliipita alama ya 13 kana kwamba haikuandikwa. Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa juu, ambao sisi hatukuwahi kuusoma: shinikizo la damu 172 kwa 104. Siku ile goti lilipimwa, kumbukumbu ilipimwa, shinikizo likaandikwa, na hakuna aliyetwambia neno juu yake, kwani kila mtu alikuwa akiitazama sifuri ya kalamu. Kwa miaka minane Bibi hakumeza kidonge hata kimoja cha shinikizo.

Jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet liliandika mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani huenda ingezuilika au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Shinikizo la damu la umri wa makamo limo, na kisukari, lehemu, sigara, unene, kukaa bila kujishughulisha, upweke, elimu iliyokosekana utotoni. Kusikia kunakofifia kumo, na kuona pia. Mwaka uliotangulia jaribio moja la Marekani la vifaa vya kusaidia masikio lilionyesha kuwa wazee waliokuwa katika hatari kubwa zaidi walidhoofika kiakili kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 48 kwa miaka mitatu, ingawa kwa washiriki wote kwa ujumla tofauti haikuonekana. Jaribio jingine la huko huko, lililotoa matokeo 2019 likiwa na watu zaidi ya 9,300, lilikuta kuwa kulishusha shinikizo hadi chini ya 120 badala ya kutosheka na 140 kulipunguza kwa takriban asilimia 19 udhaifu wa kumbukumbu wa hatua za mwanzo. Kwa dimenshia kamili waliougua walikuwa wachache mno kuweza kuthibitisha. Sidai kwamba kidonge kingemwokoa Bibi. Nasema kwamba katika karatasi ile palikuwa na namba mbili, na familia nzima ililia kwa ile isiyo ya kweli.

Kuhusu malezi nitasema moja tu, kwa kuwa ndilo nililolikosea zaidi. Kila jioni Bibi alikuwa akiuliza kama babu amerudi. Babu alikuwa nahodha, na alifariki mwaka 1994. Mimi niliyelelewa kutosema uongo nilimjibu ukweli: "Bibi, babu alikwisha fariki." Alipigwa na mshtuko, akalia kilio cha mtu anayepewa habari kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza; na kesho yake akauliza tena, nikamfisha babu tena mbele ya macho yake. Nilimfanyia hivyo zaidi ya wiki moja kabla mama hajanizuia. Mama aliniambia nimuulize babu husafiri na chombo gani. Nikamuuliza, naye akanisimulia safari za kaskazini, bandari moja baada ya nyingine, hadi akasahau kwamba alikuwa akingoja. Baadaye nilisoma kuwa mazungumzo ya namna hii ndiyo moyo wa tiba ya kuchangamsha akili iliyotungwa Uingereza, ya vikao 14 vya kikundi, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, ambayo imejaribiwa pia kule Hai na wazee wakafaidika. Tulimrudishia chane zake pia. Hakuna aliyehesabu tena.

Nimefurahi kusikia kwamba utafiti mkubwa wa afya na uzee nchini Kenya, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Michigan, ulianza majaribio yake katika kaunti ya Kilifi, kwa jirani zetu, ukiwafuatilia watu kuanzia miaka 45, umri ambao shinikizo bado linaweza kushikwa. Watakapofika Lamu nawaomba wakae barazani kwanza. Waulize misimu kwa majina yake, kaskazi, masika, kipupwe na demani. Wamwombe mvuvi awatajie samaki kwa dakika moja, na mwanamke wa Siyu awaonyeshe mshono. Wakubali tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Na wakimpa mzee wetu kalamu, awepo karibu nao mtu wa kusoma kutoka kuliani.

Bibi alifariki 2022, nyumbani, mwezi wa Mfunguo Saba. Miezi michache kabla ya hapo, alipokuwa hanijui tena kwa jina lakini akinitambua kwa mkono, nilimwekea karatasi mapajani na kalamu vidoleni, bila kumwomba kitu. Aliishika barabara. Akaiweka ukingoni kulia, akaanza kwenda kushoto, taratibu, kwa mawimbi madogo yasiyokuwa herufi, akainua kalamu pale ambapo neno lingekatika, akaishusha tena, hadi mwisho wa mstari. Kisha akarudi kuliani, akaanza mstari wa pili.